Mgongo wa Mwanika Dagaa na Siku ya Yoga

MWILI NA VIUNGO: maswali ya wasomaji
Anajibu Shangazi Fizio, mtaalamu mstaafu wa fiziotherapia, Kigoma

Kila ikikaribia 21 Juni, Siku ya Yoga Duniani, maswali ya yoga hunijia mfululizo, na safari hii mengi yametoka huku kwetu mwisho wa reli. Nimechukua matano. Wale wa visigino na magoti ya wacheza mpira wavute subira, zamu yao ni toleo lijalo.

Shikamoo Shangazi. Mimi naanika dagaa mwaloni Kibirizi, nina miaka 46. Mgongo unaniuma huu mwaka wa pili, hapa chini kiunoni, zaidi jioni na ninapoamka. Hospitali walinipiga picha wakasema mifupa haina shida, wakanipa vidonge. Binti yangu karudi likizo kutoka chuo, ananiambia kuna siku ya yoga duniani na kwamba yoga inatibu mgongo. Akanionyesha kwenye simu wasichana wembamba, mguu umepita nyuma ya shingo. Nilicheka mpaka machozi. Mimi nainama kutwa nzima, mazoezi gani tena nitafute? Au mtoto anasema kweli?
*Mama Dagaa, Kibirizi*

Marahaba, mdogo wangu. Binti amesema kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyokuchekesha.

Siku hiyo ipo. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliipendekeza mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Septemba 2014. Tarehe 11 Desemba mwaka huohuo azimio likapita, nchi 177 zikiwa zimeliunga mkono, na 21 Juni 2015 ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza. Siku ile, New Delhi peke yake, watu 35,985 walijipanga barabarani wakafanya mazoezi pamoja kwa dakika 35. Mwaka 2016 UNESCO nayo ikaiingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa hiyo si jambo lililozuliwa na watu wa simu. Ila sherehe ni sherehe. Mgongo wako hautapata nafuu kwa sababu kule Umoja wa Mataifa, New York, wametandika mikeka.

Wale wasichana waache walivyo. Anayerekodi video huchagua mkao wa kuwaduwaza watu, maana mkao wa kawaida hauna watazamaji. Yoga wanayofundishwa wagonjwa wa mgongo haifanani na ile hata kidogo. Hufanyika chini, taratibu, ikifuata pumzi, na mtu wa kilo 90 anaiweza.

Sasa lile swali lako zito: mtu anainama kutwa, mazoezi ya nini? Huulizwa na kila mtu wa kazi za mikono, tena kwa hasira kidogo, kana kwamba nimemwita mvivu. Sijamwita mvivu mtu. Nimesimama Kibirizi asubuhi boti zikishusha, nikawatazama mnavyofanya. Mnabeba beseni, mnamwaga, mnatandaza kwa viganja; miguu imenyooka, mgongo umekunjika kiunoni, kichwa kinaning'inia. Jua likipanda mnarudi kugeuza, mkao uleule. Jioni mnakusanya, mkao uleule. Mwenye mtoto mchanga, naye yumo mgongoni. Huo ni mzigo mmoja unaorudia sehemu moja. Misuli ya kiuno inashikilia nusu ya mwili kwa saa nyingi, kano za nyuma zinavutika, na misuli ya makalio, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kukuinua, haifanyi lolote. Mazoezi ni kuupeleka mwili kule ambako kazi haiupeleki. Wewe siku nzima unakwenda mbele, na mgongo unataka kurudi nyuma.

Ndiyo maana nakukataza jambo moja mapema. Ukifungua video yoyote ya yoga utaambiwa simama, inama, shika vidole vya miguu. Hilo ni la karani aliyekaa kitini toka asubuhi, na hata yeye alifanye kwa hadhari. Wewe liache. Umeshainama vya kutosha.

Kuhusu kutibu, naomba tusiongeze chumvi. Mwaka 2017 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 12 yaliyofanywa Marekani, India na Uingereza, yenye watu zaidi ya 1,000 wanaoumwa mgongo kwa muda mrefu. Mwanika dagaa sidhani kama alikuwemo. Walikuta kwamba waliofanya yoga walipata nafuu, ndogo hadi ya wastani, wakilinganishwa na wasiofanya mazoezi yoyote, na nafuu hiyo ilionekana miezi mitatu hadi sita baadaye. Walipolinganishwa na watu waliofanya mazoezi mengine ya mgongo, tofauti ilikuwa ndogo au haikuwepo kabisa. Na wapo ambao mgongo ulizidi kuuma. Mwaka huohuo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kikaitaja yoga miongoni mwa mambo ya kujaribu kabla ya kukimbilia dawa kwa mgongo sugu. Mimi nasoma hivi: yoga ni njia moja nzuri ya kuufanya mgongo utembee, wala si ya pekee. Inasaidia kwa yule anayeirudia. Anayeifanya 21 Juni akapiga picha, basi tena hadi mwakani, hapati kitu.

Ufanye nini basi. Usiku kabla ya kulala tandika mkeka, juu yake kitenge kilichokunjwa ili magoti yasiumie. Piga magoti, weka viganja chini, uwe kwa miguu minne. Ukivuta pumzi acha tumbo lishuke na kifua kifunguke mbele. Ukitoa pumzi pandisha mgongo juu, kidevu kikielekea kifuani. Wenyewe huita paka na ng'ombe. Nenda polepole, mara kumi hivi. Kisha lala kifudifudi, viwiko chini ya mabega, inua kifua kidogo tu, tumbo libaki mkekani, upumue mara tano sita halafu ushuke. Huo wanauita nyoka, na kwako ndio mkao wenye thamani kuliko yote, kwa sababu unarudisha mgongo upande ambao mwaloni haupati kwenda. Ukihisi maumivu yanashuka mguuni, acha. Halafu geuka ulale chali, kunja magoti, nyayo chini, inua makalio mpaka mapaja na tumbo viwe mstari mmoja, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Hili daraja ndilo linaloyaamsha makalio yaliyolala kazini. Malizia kwa kujilaza chali na kupumua tu dakika tano. Mkao huo kwa jina lake ni mkao wa maiti, jina ambalo nililiacha baada ya bibi mmoja wa Ujiji kukusanya kanga yake na kuniaga.

Kazini kwenyewe, kila ukimaliza kutandaza eneo moja, simama, viganja kiunoni, jinyooshe nyuma mara tano. Wenzako watacheka siku mbili tatu, ya nne wataiga. Na ukitaka kuinama, piga goti moja au kunja magoti yote, acha hiyo miguu ya mlingoti. Asubuhi ukitoka kitandani usianze na ndoo: usiku diski za uti wa mgongo hunyonya maji zikavimba kidogo, ndiyo maana unaamka umekakamaa. Tembeatembea nusu saa kwanza.

Dawa kubwa kuliko yoga, kwako, ni kichanja cha kimo cha kiuno. Dagaa wa kichanjani hana mchanga, hukauka vizuri na huuzwa bei nzuri zaidi, na wewe huinami. Najua mbao zina bei. Anzeni kwa kuchangishana wanne watano, kichanja kimoja kimoja.

Mwisho, mambo ambayo hayasubiri mkeka. Miguu ikilegea, ukipata ganzi sehemu za siri au mkojo ukikutoka bila kujijua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na maumivu ya mgongo yakifuatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kapime kifua kikuu. Kinaingia hata kwenye uti wa mgongo, na picha ya kwanza inaweza isikionyeshe.

Asalaam alaykum Shangazi. Mume wangu anasomesha madrasa hapa Ujiji. Kanikuta nafanya yoga chumbani akasema ni ibada ya Wahindu, niache. Mimi nilikuwa nanyoosha mabega tu, nashona cherehani kutwa. Nani yuko sahihi?
*Fundi Cherehani, Ujiji*

Waalaykum salaam, mwanangu. Fatwa sitoi, sina elimu hiyo, na ndani ya nyumba yako yuko mtu mwenye nayo. Nitakupa ninayoyajua ili mzungumze.

Asili ya yoga ni ya kidini, na anayekwambia vingine anakuficha. Ilikua India, ndani ya mapokeo ya Kihindu na mengine ya huko, na shabaha yake ya zamani ilikuwa kuituliza nafsi, si kunyoosha mabega. Lakini mikao mingi inayofanywa leo ilipangwa upya karne ya 20, hasa na walimu kama Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha mji wa Mysore, hukohuko India, miaka ya 1930, na kutoka hapo ikasambaa duniani kama mazoezi ya mwili. Kwa hiyo mume wako ana hoja, nawe una hoja.

Wanazuoni nao hawakusema kauli moja. Malaysia, mwaka 2008, baraza lao la fatwa liliwakataza Waislamu yoga. Indonesia, mwaka 2009, baraza la maulamaa lilikataza ile yenye maneno ya ibada ya Kihindu, likairuhusu ile ya mazoezi matupu. Saudi Arabia, mwaka 2017, ikaitambua yoga kama mchezo. Na India kwenyewe, katika maadhimisho ya kwanza ya 2015, salamu ya jua, yaani mfululizo wa mikao ya kulisalimu jua, iliondolewa kwenye ratiba ya serikali baada ya Waislamu wa huko kulalamika.

Mimi ninapowafundisha watu huku, hakuna maneno ya Kisanskriti, hakuna kuunganisha viganja mbele ya jua, hakuna picha wala ubani. Ni pumzi na viungo. Ukimwonyesha mume wako unachokifanya hasa, badala ya neno yoga, huenda mjadala ukaisha palepale. Ukiona bado hajaridhika, yaite mazoezi ya mabega uliyopewa na fizio, maana ndivyo yalivyo: kila saa moja ya cherehani, simama mlangoni, weka viganja kwenye fremu huku na huku, sogea mbele kifua kifunguke.

Kuna wanaojibu hoja hii kwa kusema swala nayo ni aina ya yoga, kwa sababu ina kurukuu na kusujudu. Hiyo siipendi. Swala ni ibada, isigeuzwe dawa ya mgongo ili tushinde ubishi.

Nina presha, mke wangu ana kisukari. Jirani ametutumia video: ukisimama kichwa chini dakika tatu kila siku presha inashuka, na yoga inaondoa kisukari, dawa unaacha. Tujaribu?
*Mstaafu wa reli, Gungu*

Hapana, kaka yangu. Wala msijaribu kidogo.

Kusimama kichwa chini kunapandisha msukumo wa damu kichwani na machoni. Mwenye presha isiyotulia, au mwenye ugonjwa wa presha ya macho, anajitafutia balaa, achilia mbali shingo ya mtu wa umri wetu. Na msibane pumzi popote mtakapoambiwa mbane. Mwenye presha apumue bila kukatisha. Kupumua taratibu na kutembea vinaweza kuteremsha presha kidogo, juu ya dawa, si badala yake. Mkeo vilevile: mazoezi yanausaidia mwili wake kuitumia sukari, na siku moja daktari anaweza kumpunguzia dozi baada ya kumpima. Daktari, si jirani. Kwa sasa atembee mwendo wa haraka nusu saa, siku tano za wiki. Zinatimia dakika 150, na ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamtaka kila mtu mzima akifikie.

Video nayo ifuteni, msiisambaze.

Shangazi, mimi mvuvi wa dagaa, naingia ziwani magharibi natoka alfajiri. Nikilala mchana usingizi haushiki, moyo unadunda, macho yanaona taa za ziwani. Mwenzangu anavuta bangi ndiyo alale. Mke wangu anasema nifanye ile yoga ya kupumua. Kupumua si napumua kila siku?
*Mvuvi, Katonga*

Unapumua, ila juu juu na haraka, hasa ukitoka kwenye kazi ya kuvuta nyavu na kupigana na upepo. Mwili unaamini bado uko kazini.

Mkeo ana akili. Jilaze chali, miguu iegemee ukutani au juu ya gunia la nyavu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, baadaye hata nane. Usilazimishe. Mapigo ya moyo hupungua kila unapotoa pumzi, na ukirefusha kutoa unauambia moyo upunguze kasi. Dakika tano hadi kumi. Siku za kwanza utaona ni upuuzi. Endelea wiki mbili ndipo uniambie. Katika yoga yote, hii ndiyo sehemu ambayo ningewapa watu wa Kigoma kama ningeambiwa nichague moja tu. Haina gharama wala haichagui nguo, na mtu mwenye mguu mmoja anaiweza.

Lakini kuna mambo pumzi haiyawezi. Ile kahawa ya mwaloni unayokunywa alfajiri ukisubiri wachuuzi inabaki mwilini saa kadhaa. Ihamishie jioni kabla ya kuingia ziwani. Mwanga wa asubuhi nao unaufukuza usingizi, basi vaa kofia yenye ukingo ukirudi nyumbani na uweke pazia zito dirishani. Na siku za mbalamwezi, boti zikipumzika, usigeuze ratiba yote kwa mkupuo. Bakiza angalau usingizi wa saa mbili za asubuhi. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wavuvi walinijia na malalamiko yaliyopinduka: mchana wanasinzia, usiku wako macho. Mwili hauhami kwa siku moja.

Bangi sitaihubiria, unajua mwenyewe. Rafiki yako alete naye swali lake.

Sisi ni vijana wa Mwanga, tunataka kuandaa siku ya yoga 21 Juni. Kuna anayetaka kila mtu anunue mkeka maalumu na fulana. Je, ni lazima? Halafu kwa nini 21 Juni, na tuanze saa ngapi? Wazazi wetu nao wanataka kuja.
*Vijana wa Mwanga*

Fulana ni biashara ya mtu, mnaijua na yeye anaijua. Mkeka wa ukindu unatosha ukiwa juu ya nyasi. Juu ya sakafu laini utateleza, hapo fanyeni peku bila mkeka.

Tarehe ilichaguliwa kwa kuwa 21 Juni ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote upande wa kaskazini wa dunia. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwetu ndiyo fupi kuliko zote, ingawa tofauti ya Juni na Desemba hapa Kigoma ni kama nusu saa tu, hata kuku hawaioni. Lenye maana kwenu ni kwamba jua letu linachelewa. Dar es Salaam wanaliona saa kumi na mbili na nusu, huku mwezi Juni linatoka saa moja na dakika chache. Ratiba ya Dar ikisema saa kumi na mbili asubuhi, ninyi mtakuwa gizani mnakanyagana. Anzeni saa moja na nusu. Kiangazi kimeshaingia, mvua haitawasumbua, ila asubuhi ina ubaridi, waje na sweta.

Mahali, ombeni kipande cha Uwanja wa Lake Tanganyika au kiwanja cha shule. Ufukweni kunapendeza kwa picha, lakini watoto wataishia majini na kichocho kipo.

Mtakayemtafuta aongoze asiwe yule anayejikunja kuliko wote. Tafuteni anayejua kumwambia mtu “wewe hiki usifanye”. Wajawazito wasilale kifudifudi, na mimba ikishakuwa kubwa wasilale chali muda mrefu. Walale ubavu wa kushoto wakati wengine wamejilaza. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni atazame tu. Watu wasinywe chai nzito na viazi kabla, wanywe baada.

Wazazi waje, tena muwaweke mbele. B.K.S. Iyengar, mmoja wa walimu wakubwa wa yoga wa karne iliyopita, alikuwa mtoto wa kuugua ugua, malaria, taifodi na kifua kikuu, na alipokuwa mwalimu akawa maarufu kwa kutumia viti, mikanda na vipande vya mbao ili kila mwili upate namna yake. Mfanye hivyohivyo. Azimeni viti vya plastiki kwa mwenye ukumbi, visiwe vile vyenye mguu uliopasuka, na mviegemeze ukutani visiteleze.